Nani Ataandika Kuhusu Deheni?

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya walimu, wakutubi na wanafunzi)

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo vijana. Ahsanteni kwa kufika, maana foleni ya leo nimeiona, na wengine mmetoka Mbagala na Gongo la Mboto.

Nimeombwa nizungumzie kamusi elezo, yaani ensaiklopidia, na upana wa mambo yanayostahili kuingia humo. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea. Njia sitabadilisha, kwa sababu tatizo bado liko palepale nilipoliacha: tunayoyajua kwa mikono yetu hatuyaandiki kwa Kiswahili.

Nianze na neno lenyewe. "Kamusi" tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya zamani kwao ni bahari kuu. Mwanachuoni Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliita kamusi yake kwa jina la bahari, jina likashika, mpaka kila kitabu cha aina hiyo kikaitwa hivyo. Sasa sisi watu wa Mzizima, yaani Dar es Salaam ya zamani, tunaolala na kuamka na bahari, kitabu chetu cha maarifa tumekiita bahari. Kifungue kwa Kiswahili utafute habari za bahari hiyohiyo, maji yanakufika kwenye kifundo cha mguu.

Mwezi uliopita nilikaa kutwa nzima ufukweni Kunduchi na fundi wa mashua. Jina lake silitaji, hakuniruhusu. Chombo kilikuwa kimeshasimama: mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, umelazwa, hanamu mbele, fashini nyuma, mataruma yamepangwa kama mbavu za ng'ombe, mbao zimeshapigiliwa pande zote mbili. Alikuwa anatia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao. Anachukua pamba iliyolowa mafuta, anaisokota juu ya paja mpaka inakuwa kamba nyembamba, anailaza kwenye upenyo kati ya ubao na ubao, kisha anaigongomea ndani kwa patasi butu. Polepole, shibiri kwa shibiri. Nikamuuliza, fundi, utajuaje kwamba pameshiba? Akanijibu neno moja: "Sikiliza." Akagonga pale alipokwisha kujaza, kisha akagonga pale alipokuwa ndiyo kwanza anaanza. Pa kwanza palilia kavu, kama gogo. Pa pili palilia kama debe tupu. "Hapa bado pana njaa," akasema, akaongeza pamba.

Pembeni kijana wake alikuwa na karai la deheni. Chokaa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama, anakanda kwa mikono miwili kama anayekanda unga wa maandazi. Hiyo ndiyo hupakwa chini ya chombo, sehemu inayokaa majini.

Nikarudi nyumbani nikatafuta deheni. Kamusi zetu zinakupa maana yake kwa maneno machache, na sizilaumu, kwani kazi ya kamusi ndiyo hiyo. Mimi nilitaka maelezo: kwa nini chokaa, kwa nini mafuta, nani alianza, inakaa muda gani. Kwa Kiswahili sikuona ukurasa hata mmoja. Na tuko Pwani!

Tuifuateni basi sisi wenyewe, hapahapa. Kwa nini chombo kipakwe? Kwa sababu baharini kuna kiumbe anayekula mbao. Kwa umbo ni kama mnyoo, lakini wanasayansi wanamweka ukoo mmoja na chaza na kome. Ana vigamba viwili vidogo upande wa kichwani, na hivyo ndivyo anavyotobolea. Mbao za chombo zinaweza kuwa nzuri kwa nje huku ndani zimekuwa kama sega la nyuki. Hapo tumeshaingia kwenye elimu ya wanyama. Chokaa je? Ilikuwa ikichomwa kutokana na matumbawe, na chokaa ya namna hiyo ndiyo iliyoshikamanisha kuta za magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Hapo ni historia na ujenzi. Chokaa ikikutana na shahamu inatokea sabuni ya aina yake, ambayo tofauti na sabuni ya kufulia, haiyeyuki majini, ndiyo maana haioshwi na mawimbi. Hapo ni kemia. Na chombo kinapandishwa pwani wakati gani kupakwa? Ukijibu hilo utataja maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kiasi, utataja mwezi mpevu na mwezi mwandamo, utataja kusi na kaskazi. Jiografia, na elimu ya nyota.

Karai moja la deheni limetupitisha kote huko. Upana ninaoudai mimi ni huo, wa kukishika kitu kimoja ukakifuata mpaka kinakokwenda. Wenzangu wengi wanaudhani ni urefu wa orodha.

Nimekaa kwenye vikao vya kupanga kamusi elezo. Mnajua kilichofanyika katika kimoja? Ililetwa orodha ya vidahizo, yaani vichwa vya makala, vya Kiingereza, tukaambiwa tugawane, tutafsiri kuanzia A. Na kidahizo cha kwanza, ndugu zangu, kilikuwa muhanga! Kwa Kiingereza jina lake linaanza na A mbili, basi akawa wa kwanza. Mnyama anayechimba mashimo usiku kula mchwa, tena katika nchi hiihii, wazee wetu wawindaji wanamjua nyayo zake na shimo lake, na sisi tumeketi na kalamu tunamtafsiri kutoka London. Hakuna aliyesema twende tukamuulize mwindaji. Niliposema mimi, niliambiwa muda hautoshi. Muda wa kutafsiri ulitosha.

Najua mtu atasema, mzee, hayo ya pamba na shahamu ni mambo madogo, kamusi elezo ni ya mambo makubwa. Nani alisema? Denis Diderot, aliyesimamia ile kamusi elezo maarufu ya Ufaransa kati ya 1751 na 1772, majuzuu 17 ya maandishi na 11 ya picha, alikuwa mtoto wa fundi wa visu kutoka mji wa Langres. Aliingia karakana, akawauliza mafundi, akataka kuziona mashine zikifanya kazi. Yeye mwenyewe aliandika makala ndefu juu ya mtambo wa kufumia soksi. Soksi! Serikali ikaipiga marufuku kazi yao mwaka 1759, wakaendelea. Leo Wafaransa wanajivunia kitabu kile, na sehemu kubwa ya fahari hiyo ni zile picha za karakana. Sisi karakana tunazo Gerezani pale, mafundi wanageuza mapipa na vyuma chakavu kuwa majiko na masanduku. Nani amekwenda na daftari?

Sasa nifike kwa Erasto Mpemba. Nakuona dada pale mbele unatabasamu, umeshanisikia. Nitamsimulia tena, kwa sababu vijana wawili walioketi mlangoni niliwauliza kabla hatujaanza, hawamjui. Wanafunzi wa sayansi wa Tanzania.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unaacha yapoe, ndipo unayatia kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka yake bila kuchemsha. Mpemba akaona akisubiri nafasi itakwisha, akaingiza yake yangali ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakaenda kutazama: ya Mpemba imeganda, ya mwenzake bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani.

Sikilizeni sehemu inayofuata, maana ndiyo huwa inarukwa. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Akamweleza. Rafiki akamwambia, mbona sisi ndivyo tunavyofanya siku zote, tunaingiza ya moto ili igande haraka. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua! Walikuwa wakiutumia ujuzi huo kutafutia riziki, na haukuwa umeandikwa popote wanapopajua walimu wa Mpemba.

Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu. Akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa zima likalishika neno hilo kumchekea. Akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, kutoka chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza swali lilelile: maji ya kiwango kimoja, moja ya digrii 35 na moja ya digrii 100, kwa nini yaliyoanza na 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na leo duniani kote jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Mtu ataniambia wanasayansi bado wanabishana. Naam, wanabishana, mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wapo pia wanaokumbusha kwamba Aristotle alikwisha kugusia jambo kama hilo. Vizuri! Andika yote hayo, kwa Kiswahili, mtoto wa Lushoto ayasome, akachukue vikombe viwili na friza ya dukani apime mwenyewe. Kinachoniuma ni mtoto huyo kulisikia jina la Mpemba kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni.

Naona naonyeshwa saa. Nitakwenda mbio.

Kuna hoja ya istilahi, kwamba Kiswahili hakina maneno. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, walikwisha kuchapa kamusi za istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo, yamefungiwa makabatini kwa sababu hakuna anayeyaandikia makala. Na pale Kunduchi kwa nusu saa nimesikia hanamu, fashini, taruma, foromali, demani, joshi. Anayesema lugha ni maskini akae nusu saa na fundi.

Kuna Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini, na leo mmoja wao amesimama Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kila ninapokwenda kuzungumza huwa nauliza nani anamjua. Leo nauliza hapa. Mikono mitatu. Ahsanteni, mara ya mwisho ilikuwa mmoja.

Kuna Wikipedia ya Kiswahili, ipo tangu 2003, na wanaojitolea kuiandika nawavulia kofia. Lakini fungueni kurasa za kata zetu. Nyingi zina mstari mmoja au miwili: ni kata ya wilaya fulani, yenye wakazi kadhaa. Chini yake imeandikwa kwamba makala hii bado ni mbegu. Neno zuri sana hilo, mbegu. Wewe unayekaa katika kata hiyo unajua soko lilianza vipi, mto unafurika mwezi gani, jina la mtaa limetoka kwa nani. Ni nani mwingine unayemngoja aimwagilie?

Na msiniambie mpaka uwe profesa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili zikachapwa mwaka 1903: uzazi, michezo, ngoma, safari, hukumu. Aliandika aliyoyaona na aliyoyaishi. Watafiti bado wanamrudia.

Nilikuwa na sehemu ya picha na sehemu ya ramani, naziacha. Na ile kamusi elezo ya Wachina ya 1408, zaidi ya majuzuu 11,000, ambayo yamebaki kama 400 tu, mwenye kutaka tukae naye baadaye, inahusu namna ya kutunza nakala.

Sasa kazi. Kwenye meza ile kuna karatasi. Kila mmoja aandike kitu kimoja anachokijua kwa mikono yake, ukurasa mmoja, kwa namna ambayo mtu wa Kigoma asiyewahi kukiona ataelewa. Msianze na "tangu enzi na enzi". Anzeni na kitu chenyewe.

Mama pale nyuma, uliyeniambia mlangoni unauza mkate wa kumimina Kariakoo, naomba tuanze na wewe, nakuandikia mimi mwenyewe. Mchele unauloweka saa ngapi, na unajuaje kwamba uji wake umeumuka vya kutosha?