Kenchi ya mita 8: kutafuta kani iliyomo katika kila mbao

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunakokotoa kenchi yenye nguzo moja ya katikati, upana mita 8 na kimo mita 3, kwa sababu nguzo hiyo ndiyo inayoeleweka kinyume kuliko mbao nyingine zote. Kileleni, kiungio C, paa linakandamiza kwa kilonyutoni 12. Katikati ya mbao ya chini, kiungio D, inaning'inia dari ya kilonyutoni 6. Uzito wa mbao zenyewe nimeuacha.

Maegemeo hayatukawizi: mzigo wote ni 18 na pande mbili zinalingana, kwa hiyo A na B, yaani ncha mbili za mbao ya chini, kila moja linasukuma juu kwa 9.

Tunaanza na kiungio A, maana kina kani mbili tu zisizojulikana, nasi tuna milinganyo miwili, wa wima na wa mlalo. Tazameni kalamu nyekundu: mishale yote miwili naichora ikitoka kiungioni, yaani kama mvutano, hata ule wa mbao ya mshazari AC ambayo najua fika kwamba inagandamizwa. Msiugeuze. Mimi niliugeuza katikati ya hesabu, mbele ya darasa zima, nikasahau kubadili alama, na mbao ya chini ikatoka imegandamizwa.

Mshazari una mita 5, kwa kimo cha 3 na nusu ya upana ambayo ni 4, vipimo ninavyovipenda kwa kuwa havidai kikokotoo. Wima: 9 + 3/5 AC = 0, basi AC ni −15, na uhasi huo ndio unaotuambia kwamba ni mgandamizo. Mlalo, AD ikiwa ni mbao ya chini: AD + 4/5 AC = 0... Samahani, kamera imelenga kidole changu badala ya karatasi. Narudia: −15 inaingia hapa pamoja na uhasi wake, na AD inakuwa 12, mvutano. Msiugeuze mshale!

Kiungio D ni chepesi: dari inavuta chini kwa 6, basi nguzo CD inavuta juu kwa 6. Kumbe nguzo haikiinui kilele. Imening'inia hapo ikishikilia mbao ya chini, na dari ikiondolewa inabaki na sifuri. Ndiyo maana pale chini mimi hupendelea ukanda wa chuma kuliko misumari mitupu.

Tuhakiki kwenye C: mishazari miwili inasukuma juu 9 kila mmoja, jumla 18, dhidi ya 12 za paa na 6 za nguzo. Atakayepata tofauti na arudi kiungio A, aitazame mishale yake.