Kanga ya Bibi

SALOME: Mbukwenyi, wasikilizaji! Leo kaka Yohana kaja studio na karatasi. Imepigwa mistari na rula.

YOHANA: Mambo matano yanayomfanya mtoto wa shule ya msingi ajue kusoma au asijue. Ila kwanza nisimulie ya Jumamosi. Nilikuwa Bahi kwa mama. Mpwa wangu, yule wa darasa la pili, nikamwambia alete kitabu. Akashusha ukurasa mzima bila kukwama. Nikaziba picha kwa kiganja. Kimya!

SALOME: Alikuwa ameukariri.

YOHANA: Wanauimba darasani. Sasa jioni, mama anaingiza mbuzi zizini, kajifunga kanga. Mtoto yuko nyuma yake kainama, kidole mbele: "Mwe-nye wi-vu a-ji..." Bibi akageuka. Akazunguka naye. "A-ji-nyo..." Bibi akaketi. Mtoto akalalamika kwa Kigogo: inuka, sijamaliza!

SALOME: Jamani!

YOHANA: Akamaliza. Halafu ananiuliza, kujinyonga ndiyo nini? Na mama naye katega sikio. Miaka mitatu anaivaa ile kanga, hajui inasemaje. Kiswahili chake ni cha kuuzia kuku.

SALOME: Nani alimpa?

YOHANA: Jambo la kwanza, mwalimu.

SALOME: Nauliza, nani alimpa mama kanga ya "Mwenye wivu ajinyonge"?

YOHANA: Mwalimu mmoja, watoto mia na zaidi. Atamsikiliza nani mmoja mmoja? Ndiyo maana wanaimba. Na hapo mtoto katoka nyumba ya Kigogo, Kiswahili anakutana nacho darasani. Mwaka 1983 watafiti wawili, Heyneman na Loxley, walilinganisha nchi 29, wakaona kwenye nchi maskini, shule na mwalimu vina uzito kuliko hali ya nyumbani.

SALOME: Walipima zaidi sayansi, kaka. Sayansi utaipata wapi kama si shuleni? Kusoma ni kingine. Wewe mwenyewe umesema kitabu cha shule kakariri, kanga kasoma. Kanga iko wapi? Nyumbani. Mpe maandishi ya kumtia hamu, utaona.

YOHANA: Na zile silabi alizitoa wapi, zizini? Kenya waligawa vitabu shuleni, watafiti wakafuatilia, wakachapisha 2009. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo.

SALOME: Vilikuwa vya Kiingereza! Watoto wengi hawakuviweza. Kanga ni Kiswahili.

YOHANA: Ambacho mama hakijui!

SALOME: Basi ichapwe kanga ya Kigogo. Unacheka? Mbele hadithi, nyuma maswali.

YOHANA: Na bibi akienda kisimani, darasa limehama.

SALOME: Wanamfuata. Utoro umekwisha.

YOHANA: Utoro lilikuwa jambo langu la tatu. Uwele ukikomaa watoto wanakwenda kuamia ndege, wiki zinapita, akirudi wenzake wako mbali. Hilo kanga haitatibu.

SALOME: Atakuwa na bibi shambani, si kajifunga kanga?

YOHANA: Dada Salome, nakuheshimu, lakini mtoto hafundishwi na nguo. Anafundishwa na mtu aliyesomea kufundisha.

SALOME: Nami nakuheshimu, lakini mwalimu wako kamfundisha kuimba.

YOHANA: Kwa sababu ana mia!

SALOME: Mpunguzie wabaki arobaini, wakirudi kwenye nyumba isiyo na hata kipande cha gazeti, watasahau. Sikubali.

YOHANA: Hata mimi sikubali.

SALOME: Haya. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili.

YOHANA: Sijagusa la pili! Chakula cha mchana, la nne lugha, la tano...

SALOME: Lugha umeshaisema. Kanga nani alimpa?

YOHANA: Mke wangu.

SALOME: Eeh!

YOHANA: Anasema aliipendea rangi.

SALOME: Na mama ulimtafsiria?

YOHANA: Nilimwambia imeandikwa "Karibu mgeni".

SALOME: Na mtoto alikuwa hapo hapo, anajua kusoma!

YOHANA: Ndiyo tatizo. Jana mama kapiga si...

SALOME: Muda, muda! Wiki ijayo!