Naenda maonesho ya bunduki Nürnberg, msiniagize bastola

Kamwene ndugu zangu. Leo sikupanga kurekodi, ila kila nikishika simu ni swali lile lile: "Kaka, ukienda hayo maonesho utaniletea bastola?" Mwingine kaandika eti kijana wa Kalenga siku hizi anajiona Mjerumani. Haya, tuongee.

Kwanza, sijigambi. IWA, hayo maonesho ya bunduki ya Nürnberg, Ujerumani, sio Nanenane ya pale John Mwakangale, unaingia na watoto mnatafuna mahindi ya kuchoma. Yapo tangu 1974, siku nne, na mlangoni lazima uthibitishe kuwa unafanya kazi kwenye biashara hii. Mimi naingia kwa sababu nafanya kazi kwa fundi bunduki, basi. Ndani wenye maduka wanaweka oda, hakuna mtu anayetoka na silaha kwenye mfuko wa rambo. Na hata ingekuwepo ya kutoka nayo, nani aiingize Tanzania bila kibali? Niozee jela kwa ajili ya mtu ambaye hata picha yake ya wasifu ni ya Messi?

Na mnaouliza napata wapi hela. Jamani! Hoteli za Nürnberg wakati wa maonesho bei zinapaa, kwa hiyo nalala Fürth, mji wa jirani, kwa jamaa yangu, kwenye kochi, asubuhi napanda treni ya U1 inanishusha kituo cha Messe, mlangoni kwa maonesho kabisa. Chapati nabeba mwenyewe. Hayo ndiyo maisha ya kifahari mnayosema.

Bunduki ninayo moja, ya mtumba, ya kulengea shabaha. Ila makaratasi yake, acha tu. Mwaka mzima uwe mwanachama wa klabu ya shabaha na uhudhurie mazoezi, ufanye mtihani, wakuchunguze rekodi yako. Mgeni kama hujafikisha miaka 5 nchini wana haki ya kukukatalia. Halafu ununue sefu ya chuma ya daraja wanalotaka wao, ambayo kwangu ilizidi bei ya bunduki yenyewe, na wanaweza kugonga mlango kuja kuikagua. Kadi ya kumiliki silaha ukishaipata, bado huruhusiwi kutembea na silaha mtaani: inakwenda klabu tupu, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli.

Kilichonitesha hasa ni jina. Cheti cha kuzaliwa kina "l" mahali ambapo pasipoti ina "r". Sisi huko tunajua ni mtu yule yule, lakini mwambie hivyo mama wa dirishani kwenye ofisi ya vibali! Nikatafuta hati ya kiapo Iringa, ikatumwa, ikatafsiriwa na mkalimani aliyeapishwa, nikalipa, wakasema muhuri hausomeki. Nikaanza upya.

Na wakati nahangaika hivyo, shemeji yangu anaandika kwenye grupu la familia: "Hela ya bunduki anayo, ya bati la mama hana." Mbele ya wajomba wote! Sikujibu. Najibu leo.

Ninachokwenda kuangalia mimi ni mbao na mikono ya mafundi. Kazi yangu ni vitako vya bunduki, ile sehemu ya mbao unayoegemeza begani. Mbao ya mjozi (walnut) unaipiga msasa, unailowesha kidogo nyuzi zisimame, zikikauka unapiga msasa tena, halafu mafuta kwa kiganja, tone dogo, unasugua mpaka kiganja kipate moto. Mwaka huu nawatafuta mafundi wa Ferlach, Austria, ambako kutengeneza bunduki kwa mkono ni kazi ya karne na karne. Nataka nisimame tu, nione mtu anavyochonga nakshi kwenye chuma.

Haya mapenzi nimetoka nayo nyumbani. Nani kasoma Iringa asipelekwe makumbusho ya Kalenga? Wenzangu walilitazama fuvu la Mkwawa, mtemi wetu wa Wahehe, mimi nikaganda kwenye silaha. Mwalimu anasimulia Lugalo, 1891, Wahehe walivyommaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kuzoa bunduki zake, mimi nawaza zilifunguliwaje. Siku bosi aliponipa Mauser ya modeli ya 1871, bunduki ya Kijerumani ya enzi hizo, iliyochakaa, nisafishe, niliishika muda mrefu kabla ya kuigusa kwa kitambaa. Bosi akadhani naogopa.

Sasa, msije mkaniambia nimewashauri. Hii ni njia yangu, na sheria hubadilika. Aliye Tanzania anayetaka leseni aanzie polisi, sio kwangu.

Mama, najua unaangalia kwa simu ya dogo. Bati fundi kashapima, geji 28, wiki ijayo anakuja. Shemeji usimwambie kwanza.