Kumtafuta Konokono Kabla Hajatua Kwenye Tumbawe

Ahsanteni kwa kuja. Tazameni kwanza tawi hili la tumbawe pichani. Ncha zake ni za kahawia, bado zina uhai. Huku chini ni nyeupe pee: nyama yote imekwanguliwa, umebaki mfupa. Na pale weupe unapokutana na kahawia, wamejibana konokono wadogo kuliko kidole gumba. Hao ni Drupella. Mchana hujificha, usiku hula.

Wakiwa wachache hawana neno. Balaa ni wakizidi. Kwenye mwamba wa Ningaloo, magharibi mwa Australia, katika miaka ya 1980 walifurika hadi sehemu nyingine zikapoteza matumbawe yake mengi. Na kwetu Kenya, mwaka 1994 mtafiti Tim McClanahan alichapisha taarifa kwamba wameongezeka kwenye miamba yetu, hasa ile inayovuliwa sana. Samaki kikande, anayewala, akiisha, nani atavunja magamba yao?

Kinachoniuma ni kwamba tunachelewa. Mzamiaji anapoona weupe umetapakaa, konokono wameshakomaa, na kuwaokota mmoja mmoja kwa mkono ni kazi isiyokwisha. Ndiyo maana nasema tuwatafute wangali viluwiluwi.

Jike hubandika vifuko vya mayai mwambani. Viluwiluwi wakitoka, huelea wiki kadhaa wakila vimea vidogo mno vya bahari, mkondo ukiwapeleka utakako. Ukiwatia chini ya darubini, hawa na watoto wa konokono wengine chungu nzima wanafanana mno. Kinachowatenga ni vinasaba. Unakokota wavu wa matundu madogo sana nyuma ya mashua, unahifadhi ulichonasa kwenye spiriti, kisha maabara inatafuta kipande cha vinasaba ambacho ni cha Drupella peke yake na kukinakili mara nyingi mpaka kionekane. Kwa njia ya namna hii, Waaustralia wamewagundua viluwiluwi wa kiti cha pweza chenye miiba, mla matumbawe mwingine, kwenye Great Barrier Reef.

Lakini kuwakuta majini si sawa na kusema mlipuko unakuja. Wengi huliwa au hukosa pa kutua. Tunachohitaji ni kupima mwaka baada ya mwaka, mahali palepale, tujue kawaida ni ipi na ziada ni ipi. Tena tupime tukiangalia joto la bahari: baada ya matumbawe ya Maldivi kupauka, yaani kupoteza rangi kwa joto, mwaka 2016, Drupella walikusanyika kwenye yale machache yaliyosalimika. Viluwiluwi wengi, mwamba uliotoka kupauka, kikande hakuna: yakikutana hayo matatu, mimi nisingesubiri kuona weupe.

Na tusipime msimu mmoja tu. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini hadi maji ya kaskazini mwa Kenya. Wakati wa kusi maji hupanda kutoka Tanzania. Viluwiluwi wa Januari na wa Julai huenda wametoka miamba tofauti kabisa, kwa hiyo wavu ushushwe misimu yote miwili.