Raha na Karaha za Kuvua Mtoni Wakati wa Baridi

(Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili, Grand Rapids, Michigan)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, asanteni kwa kuja na theluji hii. Nimeombwa nizungumzie uvuvi wa mto Grand wakati wa baridi, na nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, ninazijua nyumba za wenzetu hapa mjini ambazo kuanzia Novemba hadi Machi mtu hatoki ila kwenda kazini, kanisani au msikitini. Anashinda ndani mapazia yamefungwa, na moyo unasinyaa. Pili, mwezi uliopita niliwakuta vijana wawili wa kwetu ukingoni wamevaa raba na jinzi, na siku hiyo ilikuwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Niliwapa glavu zangu za akiba, lakini sikulala vizuri usiku ule.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Marehemu baba alivua dagaa na mgebuka kwa karabai, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ilipumzika, kwa sababu taa haishindani na mbalamwezi. Kwa hiyo nilipofika Michigan nilijiona mvuvi. Baridi ya kwanza nilikwenda mtoni mara 11 nikarudi mikono mitupu. Mara 11, ndugu zangu, kila mara vidole vimekufa ganzi. Nikaanza kuamini kwamba mto wenyewe hauna samaki.

Samaki walikuwepo. Nilikuwa siujui mto.

Samaki ninayemzungumzia ni stilihedi. Ni trauti yule yule wa upinde wa mvua, yule ambaye ndugu zetu wa Nyeri wanamfahamu kutoka mito ya Aberdare na Mlima Kenya, na anayezalishwa pale Kiganjo. Tofauti ni maisha yake. Asili yake ni pwani ya Pasifiki, na Michigan aliletwa mwaka 1876. Huzaliwa mtoni, akashuka Ziwa Michigan, akala na kunenepa, kisha akarudi mtoni kutaga mayai. Samoni wa Pasifiki akitaga anakufa. Huyu anaweza kurudi ziwani na kuja tena mwaka mwingine. Hutaga majira ya machipuko, lakini wengi huanza kupanda mto mapema, tangu Oktoba, na kukaa humo baridi nzima wakingoja. Ndiyo maana Januari, wakati kila mtu amejifungia, mtoni kuna samaki wa kilo 3, 4, hata 5. Pale kwenye ngazi ya samaki iliyojengwa 1974, yaani vile vidato vya maji vinavyowawezesha samaki kuupita ukuta wa Sixth Street unaozuia mto, mmewahi kuwaona wakiruka. Baada ya hapo wanakwenda wapi? Hapo ndipo habari inapoanza.

Tuanze na maji. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa na nyuzi 4. Ziwani, maji hayo yanazama, juu panaganda, na samaki anabaki chini kwenye nyuzi zake 4, ametulia. Mtoni hakuna bahati hiyo. Mkondo unakoroga kila kitu, kwa hiyo baridi ya juu na ya chini ni moja, na usiku wa mbingu isiyo na wingu maji yote yanashuka hadi sifuri, hata yakapita sifuri kidogo bila kuganda. Hapo huzaliwa chenga za barafu ndani ya maji yenyewe, zinanata kwenye mawe ya chini kama ukoko kwenye sufuria. Asubuhi jua likipiga, ukoko ule unabanduka, unapanda juu, mara nyingine umeshika na changarawe. Mto mzima unageuka uji. Boya linakaa juu ya uji, ndoano haizami, na wewe umesimama pale tangu alfajiri unamlaumu samaki.

Mimi nilifanya hivyo mara 11. Kwetu mvuvi ni mtu wa usiku na alfajiri, nikaja na saa ya Tanganyika kwenye mto wa Michigan. Sasa ninatoka nyumbani saa nne na nusu asubuhi. Uji huwa umeshapita. Kati ya saa sita na saa tisa mchana, jua likipandisha joto la maji hata kwa nusu nyuzi, samaki anaamka kidogo. Kidogo tu. Masaa hayo matatu ndiyo siku yenyewe.

Maana mwili wa samaki unafuata joto la maji. Maji yakiwa karibu na sifuri, tumbo lake linasaga chakula polepole sana, na hana haja ya kukimbilia kitu. Hatakaa kwenye maji ya kasi kupoteza nguvu. Anatafuta kilindi, mahali mkondo unapopungua, anakaa karibu na sakafu. Chambo kikipita mita moja pembeni yake, anakiacha kipite.

Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Baridi hiyo inayokutesa ndiyo inayomkusanya samaki. Wakati wa vuli ametawanyika mto mzima, huku wawili, kule mmoja. Januari wamejazana kwenye vilindi vichache, na ukikijua kilindi kimoja chenye samaki, utarudi hapo wiki hadi wiki. Sijaona karaha hata moja ya majira haya isiyokuwa na raha yake upande wa pili. Maji machafu ya Aprili humfanya samaki asikuone. Maji ya Januari ni maangavu, anakuona, lakini na wewe unaona kila jiwe.

Nilifundishwa na mzee mmoja wa hapa. Sitataja jina lake, hajaniruhusu. Kiingereza changu kilikuwa cha maneno 50, naye Kiswahili hana. Siku ya 12 alinitazama muda mrefu, akaja, akashika boya langu na kulisogeza juu kwenye mshipi, urefu wa mkono wangu mzima. Akanionyesha chini kwa kidole: chini zaidi, chini zaidi. Kisha akafungua kijisanduku chake akanipa chambo.

Hebu kitazameni hiki nilichokileta. Ni mayai ya samoni, matano au sita, yamefungwa kwenye kipande cha wavu laini kama chandarua, uzi umezungushwa mara kadhaa. Ukubwa wake haupiti ukucha wa kidole gumba. Ndoano imejificha ndani. Juu yake kuna chubwi ndogondogo, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, kila moja kama punje ya mtama, zimepangwa kwenye mshipi kwa nafasi, sio zote pamoja. Kazi yake ni kukipunguzia chambo mwendo, kwa sababu maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu, na chambo kinachokimbia kuliko maji ya chini kinamtia samaki shaka. Kipite kiganja kimoja juu ya mawe. Ukiona boya linagusagusa na kutikisika kila mahali, umeshuka mno. Lisipogusa kabisa, bado.

Halafu angalia boya. Wakati wa joto linazama, ploo, hata mtoto anaona. Baridi halizami. Linasita. Linakwenda na mkondo, kisha kwa muda wa kupepesa jicho linabaki nyuma, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Siku ile lilisita hivyo, nikadhani ni jiwe, mzee akapiga kelele. Nikainua fimbo. Ikabaki imepinda, nzito, haitikisiki. Kisha jiwe likaanza kutembea.

Sitasahau mpaka naingia kaburini. Alikuwa jike, mgongo wa kijani iliyokoza, ubavuni mstari mwekundu hafifu, tumbo jeupe kama theluji ya ukingoni. Mzee akamzuia kwa wavu ndani ya maji, wala hakumtoa. Nilitaka kumwinua nipige picha nimtumie mama Ujiji. Akanizuia mkono. Baadaye ndiyo nikaelewa: kwenye hewa ya nyuzi 8 chini ya sifuri, matamvua ya samaki na macho yake yanaweza kuganda haraka yakitoka majini. Ukimwachia baada ya hapo anaweza kuondoka akiwa ameumia. Kama unamla, mmalize haraka. Kama humli, mwache majini, toa ndoano hapo hapo.

Karaha sasa. Vile vipete vya fimbo ambamo mshipi unapita vinaziba kwa barafu kila baada ya kutupa mara tano sita. Usivunje barafu kwa kucha wala kwa meno, utang'oa kipete. Chovya fimbo mtoni sekunde chache, maji ni ya moto kuliko hewa, barafu itaachia. Mafuta ya mgando yakipakwa kabla husaidia kidogo. Mshipi wa kusukwa unakunywa maji na kugeuka waya. Tumia wa nailoni wa uzi mmoja. Hayo ni maudhi tu. Yanayoua ni mengine.

Februari ya mwaka wa pili nilikanyaga jiwe lililovaa barafu nyembamba. Maji yalikuwa ya mapajani. Nikaanguka chali. Nilipotaka kupiga kelele, pumzi ilikuja yenyewe, fupifupi, siiwezi. Nilitambaa hadi ukingoni, nikafika kwenye gari, nikashindwa kuishika funguo. Naiona kiganjani, vidole havifungi. Mtu aliyekuwa akipita na mbwa wake ndiye aliyenifungulia.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, ameufupisha mwendo huo kwa namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kuirudisha pumzi yako, usifanye kingine. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, hizo ndizo za kujiokoa. Na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Wengi hufa mapema katika ile dakika ya kwanza, kwa kuvuta maji badala ya hewa. Vijana, zikaririni.

Kwa hiyo: suruali ya mpira inayofika kifuani ifungwe mkanda kiunoni, mkaze, ili ukianguka maji yasijae miguuni. Ndani vaa sufu au polista, kamwe usivae pamba, kwa sababu pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Nguo kavu ziwe garini. Usikanyage barafu ya mtoni hata ukiona wengine wamesimama kwenye barafu ya ziwa. Mkondo unaila kwa chini, na leo nene, kesho karatasi. Na theluji ikiyeyuka ghafla mto unapanda: kabla hujatoka, tazama kwenye simu kipimo cha USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito, kiko wazi bure, kinaonyesha kimo na wingi wa maji ya mto Grand hapa mjini.

Leseni ni lazima kwa aliyetimiza miaka 17, na mwaka wake huanza Aprili 1 hadi Machi 31, kwa hiyo ukiinunua leo angalia tarehe. Kumkwapua samaki ubavuni kwa ndoano ni kosa.

Mama mmoja ameniuliza kama samaki hawa wanalika. Wanalika, ila kwa kipimo. Maziwa haya makuu yalichafuliwa na viwanda kwa miaka mingi, na kemikali za PCB zinakaa kwenye mafuta ya samaki. Ondoa ngozi, kata mafuta ya tumboni na mgongoni, mchome juu ya wavu ili mafuta yadondoke. Idara ya afya ya Michigan hutoa mwongozo wa mito na aina za samaki, nao ni bure. Wajawazito na wenye watoto wadogo wausome kwanza. Nikimla, ni ndimu, chumvi, pilipili mbuzi, na ugali.

Na siku usizopata? Ni nyingi kuliko za kupata, sitawadanganya. Lakini nimemwona tai mwenye kichwa cheupe akikaa juu ya mti uliopukutika, mvuke ukipanda mtoni, mji mzima kimya nyuma yangu, nikarudi nyumbani nikaweza kuongea na watoto wangu bila ukali. Kwangu hilo lilitosha kunirudisha wiki iliyofuata.

Jumamosi hii, mto ukibaki kama ulivyo leo, nitakuwa kwenye maegesho ya upande wa magharibi saa tano asubuhi. Nina suruali mbili za akiba, moja ya mtu mrefu. Wale vijana wawili, nimewaona mko hapa. Njooni kwangu kabla hamjaondoka, niwapime miguu.