Jua la Kigoma kwa Sekunde Mbili na Nusu

(Mhadhara kwa wapiga picha vijana, Kigoma Mjini)

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu wa Ujiji mlioketi kule nyuma, shikamooni. Nimepewa dakika arobaini, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo leo ni taimulapsi tu: kupiga picha nyingi moja moja kwa muda mrefu, kisha kuziunganisha ziwe video fupi inayokimbiza muda. Naanza na aibu yangu mwenyewe kabla projekta haijazimika.

Usiku mmoja wa kiza nilitega kamera Kibirizi, kungoja mitumbwi ya dagaa itoke. Mnajua inavyokuwa mwezi usipokuwepo: taa moja, tatu, kumi, mara ziwa zima limeota mji. Nilikuwa na stendi, rimoti yenye saa, na chupa ya chai. Picha moja kila sekunde 10, kwa saa tatu. Picha 1,080! Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Nilipoziunganisha, fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 ndani ya kila sekunde ya video, nikapata video ya sekunde 43, na yote inapepesa kama taa ya tyubu inayokaribia kufa.

Kosa langu lilikuwa moja: niliacha kamera kwenye oto. Kamera ikiwa kwenye oto huipima kila picha peke yake, haikumbuki iliyotangulia. Mtumbwi wenye taa ukisogea karibu, inasema mwanga umezidi, inapunguza. Ukipita, inaongeza. Rangi nazo hivyo hivyo, picha hii ya njano, inayofuata ya samawati. Ukizitazama moja moja huoni kitu, zote nzuri. Zipange 25 ndani ya sekunde moja, jicho linakamata kila badiliko.

Kwa hiyo mtu akiniuliza taimulapsi inahitaji kamera gani, namjibu: ile itakayokubali kunyang'anywa maamuzi. Shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, weka wewe. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, weka wewe. Rangi weka wewe. Fokasi itafute kwenye taa ya mbali, kisha zima fokasi ya oto na ubandike selotepu kwenye pete ya lenzi, maana usiku utaigusa tu bila kujua. Na tundu la lenzi lifungue mpaka mwisho kama mwanga unaruhusu. Ukilibana, vile visahani vya ndani hujifunga upya kwa kila picha, na havirudi palepale kamili. Tofauti ni ya unywele, lakini kwenye video inapepesa.

Sasa hesabu. Najua wengine mlikimbilia kamera ili muikwepe hesabu, poleni.

Chukueni jua letu linavyozama nyuma ya milima ya Kongo. Kwanza saa yenyewe: sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, saa tunayotumia ni ileile ya Dar es Salaam, lakini jua letu linachelewa kwa dakika kama 40. Huko saa kumi na mbili na nusu mara nyingi kazi imekwisha. Hapa bado unalitazama mpaka karibu na saa moja, siku nyingine zaidi. Kijana aliyefuata ratiba ya rafiki yake wa Dar alifungasha vifaa jua likiwa bado juu ya maji.

Duara la jua, kwa jinsi tunavyoliona, lina upana wa nusu ya digrii. Angani linasogea digrii 15 kwa saa, na hapa karibu na ikweta linashuka karibu wima. Kwa hiyo tangu ukingo wa chini uguse mlima hadi ukingo wa juu upotee ni dakika mbili na sekunde chache. Ukipiga kila sekunde 6, unapata picha 21 hivi. Haifiki hata sekunde moja ya video! Mtazamaji akipepesa jicho, jua limekwenda. Ukipiga kila sekunde 2, unapata picha 64, yaani sekunde mbili na nusu. Hapo mtu anapata nafasi ya kusema “aah”.

Lakini mawingu ya masika yanayotoka upande wa Kongo yanatosheka na sekunde 3 mpaka 5, na kivuli cha mwembe ukutani kinatosheka na sekunde 30. Usiulize pengo zuri kati ya picha na picha ni lipi. Uliza kitu chako kinatembea kwa kasi gani na unataka kionekane kwa muda gani, halafu gawanya.

Mtaniuliza: machweo si mwanga unapungua, na wewe umetuambia tufunge kila kitu? Kweli. Wapo wanaobadilisha shata kidogo kidogo, kisha wanalainisha kwenye kompyuta. Ni kazi nzuri na inachosha. Mimi naanza na picha yenye mwanga uliozidi kidogo, kisha naacha kiza kiingie. Machweo ni kiza kuingia, sioni sababu ya kuuficha ukweli huo.

Shata iwe nusu ya pengo ukiweza. Pengo la sekunde 4, shata sekunde 2. Mitumbwi na mawimbi vinapata ukungu mdogo na video inateleza. Ukipiga kwa shata ya haraka mno, watu wanarukaruka kama panzi. Mchana huwezi bila kioo cheusi mbele ya lenzi. Kioo cha wachomelea vyuma kinafanya kazi, ila kila kitu kitakuwa kijani, na utajuta ukifika kwenye rangi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni dagaa wanaoanikwa. Tega saa mbili asubuhi, tegua saa kumi jioni. Saa nane ni sekunde 28,800. Piga kila sekunde 30, picha 960, video ya sekunde 38. Utaona fedha inavyogeuka kahawia mchangani, vivuli vikihama, kinamama wakipita na kugeuza. Waombe ruhusa kabla ya kutega, na uwarudishie video waione. Wa kwangu walicheka mpaka wakakaa chini: “Mbona tunakimbia kama tumeiba?” Stendi mchangani huzama taratibu, kwa hiyo weka vipande vya mbao chini ya miguu na ning'iniza mfuko wa mchanga katikati. Gatini usitege, gati linacheza. Na bandarini usitege kabisa bila kibali, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Kuunganisha si kugumu. Programu ya Blender ni ya bure na inafanya, FFmpeg ni ya bure na haihitaji laptopu yenye nguvu. Kumbukeni tu kwamba picha ya kamera ya pikseli 6,000 kwa 4,000 haina umbo la video. Utakata juu na chini ibaki 3,375, kwa hiyo acheni nafasi mnapopanga fremu. Tena angalieni namba. Kamera nyingi zikifika 9999 zinarudi 0001. Mimi ilinitokea katikati ya machweo: programu ikapanga kwa namba, video ikaanza na usiku, kisha jua likachomoza upande wa Kongo na kuanza kuzama. Zipe picha majina mapya kwa mfuatano wa saa zilipopigwa.

Maswali? Ndiyo, mzee wangu.

Mzee anauliza kwa nini nisirekodi video ya kawaida na kuikimbiza. Mchana unaweza, shida ni nafasi na betri. Usiku huwezi. Video ya fremu 25 kwa sekunde haiwezi kuipa fremu moja mwanga zaidi ya sehemu moja ya 25 ya sekunde. Picha naipa sekunde 20, nyota zinatoka.

Dada anauliza kama inawezekana kuonyesha ziwa linavyopanda. Hilo limenigusa. Lilipopanda 2020 na 2021 likameza fukwe, hakuna kati yetu aliyekuwa ametega. James Balog, mpiga picha wa Marekani, tangu 2007 alitega kamera kwenye barafu za Greenland, Iceland na Alaska kwa miaka. Sisi tungehitaji alama ya rangi ukutani, mahali pa kuegemeza simu, na picha moja kila siku, saa ileile. Mwaka mzima ni picha 365, sekunde 14 na nusu. Dada, nyumba yenu si inatazama Katonga? Anza kesho.

Wewe unayeuliza kama simu inafaa: inafaa. Weka hali ya ndege, maana akipiga shemeji katikati ya kazi, kazi imekatika.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Bebeni stendi, tuteremke ufukweni, tuna muda wa kutosha wa kubandika selotepu.