Gambela, fasi Babu alipigana 1941

Jambo yenu wote wa Bukavu, Kadutu, Ibanda, Bagira, na wale wananiangalia toka Uvira na Goma, leo siwaonyeshi Bruxelles, leo kuko jambo la kwetu na naomba musikie paka mwisho.

Camp Saio, ile kambi ya jeshi ya Bukavu, munaipita kila siku. Nimeshauliza vijana wengi hiyo Saio ni nini, wengi wananiambia ni jina la koloneli fulani wa zamani. Hapana jamani. Saio ni muji wa Ethiopia, leo unaitwa Dembi Dolo, na tarehe 3 Julai 1941 njo Force Publique, jeshi la Congo wakati wa wabeleji, iliushambulia asubui na mapema, wanajeshi wengi wao wakongomani, na siku ile ile waitaliano waliokuwa wanatawala Ethiopia wakaomba vita isimame. Majenerali 9 walijisalimisha, mukubwa wao Gazzera akiwa ndani. Kati ya wale waliopanda ule mulima alikuwepo babu yangu mzaa baba.

Sasa mwaka huu tulienda. Mimi nikatoka huku, baba mukubwa akatoka Bukavu, tukakutana Addis Abeba, tukachukua ndege paka Gambela, magaribi ya Ethiopia. Saio kwenyewe hatukupanda, wenyeji walituambia barabara haina usalama na baba mukubwa ni muzee, siwezi kumuchezea. Lakini Gambela nayo ni fasi ya vita, Babu na wenzake waliikamata tarehe 23 Machi 1941. Joto la kule si mchezo, saa tatu ya asubui shati imeshaloana, na unawaza wale watu walitoka Congo wakapita Aba, Juba, wakafuata Nili paka Malakal, halafu wanafika kwenye joto hilo na bunduki mgongoni.

Na risasi haikuwa njo adui mukubwa. Waitaliano walikuwa juu na mizinga yao, wakwetu wako chini, mvua ikaanza, barabara zikakatika, chakula hakifiki, meli nazo zinapanda mto Baro wakati maji yamejaa tu. Njaa, kuhara damu, beriberi. Ugonjwa ulichukua wengi kuliko vita yenyewe. Babu paka anakufa hakuacha punje moja ya mchele kwenye sahani, na sisi watoto tulikuwa tunafikiri ni ukali tu wa kijeshi.

Baba mukubwa alikuja na kaye moja ya shule, kuukuu, imeandikwa na bic. Aliiandika akiwa mwanafunzi, Babu anasema yeye anaandika, majina ya wenzake waliobaki kule. Mwingine jina moja tu na kwao: wa Kabare, wa Watsa, wa Lisala. Tulisimama pembeni ya Baro, akavua kofia, akaanza kusoma kwa sauti, moja moja, hakuharakisha hata kidogo. Mama mmoja Muanuak, kabila la kule, alikuwa anafua nguo pale, akauliza kupitia dereva wetu nani amekufa, baba mukubwa akamujibu, wandugu za baba yangu. Yule mama akaacha nguo zake, akakaa nasi paka jina la mwisho. Nilishindwa kushika kamera vizuri, njo maana mutaona picha inatikisika.

Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa alimuvalisha medali kaporali Albert Kunyuku, muzee wa miaka 100, yeye vita ile alikuwa Birmania, kule Asia. Nilifurahi sana, na roho iliniuma pia, kwa sababu Babu na wenzake wote walishakwenda. Kambi tumeipa jina la vita, wanaume wenyewe tumewaacha bila majina, mimi sikubali hivyo.

Kwa hiyo nawaomba. Kama kwenu kulikuwa na muzee wa Force Publique, ulizeni shangazi, ulizeni baba mukubwa, leo, si kesho: jina, kijiji, batayo, na kama kuko karatasi au medali pigeni picha munitumie. Kuko mustari mumoja kwenye ile kaye umeandikwa tu "mupishi, wa Kasongo, tumbo." Jina lake Babu alikuwa amelisahau na ilimutesa paka kifo chake. Mutu yeyote wa Kasongo ambaye babu yake alikuwa mupishi wa jeshi na hakurudi toka Abisinia, njo Ethiopia ya leo, tafazali, wewe uniandikie wa kwanza.